Wasomaji wa Nyundo Wameishia Wapi

Pale Malangali, Sumbawanga, barabara inapokunja kuelekea mashine ya kusaga, kuna benchi la mbao lililokaliwa mpaka likabonyea katikati. Anayewasha jiko pale ni Evodia, wanayemwita Mama Raymond, mama wa watoto wanne, muuza kahawa ya tangawizi na kashata. Wanaokaa ni wale wale. Yuko mzee Wilibrodi, mlinzi mstaafu wa shule ya sekondari, ambaye wanamwita Kiranja. Yuko Isdori, dalali wa maharage, ambaye wanamwita Waziri kwa sababu hakuna jambo la nchi asilokuwa na taarifa zake za ndani. Yuko Shedrack wa bodaboda, ambaye ni Antena, maana simu haimtoki mkononi. Na yuko Kasimiri, mdogo wake Evodia wa tumbo moja, ambaye kwa jina la kijiweni ni Wino. Asubuhi hiyo ya Juni baridi ilikuwa inang'ata masikio, umeme ulikuwa umekatika, mashine imenyamaza, na Wino alikuwa amekumbatia begi lake akisubiri Fuso la kwenda Mwimbi.

Wino alikuwa mchoraji wa vitabu vya katuni. Alivichora kwenye meza ya dada yake vyombo vikishaondolewa, akavitoa fotokopi, akavibana pini na kuviuza kwenye geti la shule. Shujaa wake aliitwa Nyundo, mwanamume mwenye kifua kama kabati, kazi yake kupigana na majambazi kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa. Zamani wavulana walimgombea Nyundo. Kitabu kimoja kilizunguka darasa zima kikarudi hakina jalada. Siku hizi Wino alisimama getini mpaka kengele ya jioni, akarudi na mzigo kama alivyoondoka nao.

Evodia alivumilia kwa kadiri ya unga uliokuwemo ndani. Kisha akampigia simu mjomba wao wa Mwimbi, ambaye mahindi yake yalikuwa yanamalizwa na ngedere kwa kukosa wavunaji, wakakubaliana: kijana aende avune, abaki huko huko alime. Evodia hakulia wala hakuomba radhi. Mtu wa miaka thelathini anayekula ugali wa dada yake anatakiwa awe na wasomaji, au awe na jembe.

Wino naye hakubisha. Kabla ya kupanda gari alitaka kitu kimoja tu, aambiwe wasomaji wake wamekwenda wapi. Akiambiwa, pengine atawafuata. Asipoambiwa, anapanda.

Kijiwe kikalipokea suala hilo kama tume iliyoapishwa.

Antena alianza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na ushahidi.

— Mwanangu, juzi dogo mmoja nilimpa kitabu chako. Akaweka vidole viwili juu ya Nyundo, akamvuta ili akue. Hakukua. Akanirudishia, anasema kimeganda.

Kwa maelezo yake, vijana wa sasa hawana shida na katuni, wana shida na kitu kilichosimama. Picha isipotikisika wanadhani mtandao umekata. Ushauri wake ulikuwa Wino achore Nyundo anayetetemeka kidogo.

Mzee Kiranja alitikisa kichwa muda wote huo, akingoja zamu. Yeye alisema kosa si la simu, kosa ni la walimu, ambao wameacha kukataza. Enzi zake alikuwa akiwapekua wavulana getini, anavua soksi, anapapasa migongo, na chini ya godoro la kibanda chake kulikuwa na maktaba ambayo mkoa haujapata kuwa nayo tena. Katuni zilisomwa kwa sababu zilikuwa na fimbo nyuma yake.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema. Sasa mkuu hasemi kitu. Guu litavunjikaje?

— Guu limeingiaje kwenye katuni, mzee wangu? Antena aliuliza.

— Ndiyo hapo sasa, mzee akajibu, kama mtu aliyekubaliwa.

Dawa, kwa mujibu wake, ilikuwa Wino avae shati safi, aende kwa mkuu wa shule amwombe kwa heshima ampige marufuku Nyundo. Kabla ya Jumapili watoto wangekuwa wanamsoma chini ya madawati. Wino akauliza kama maombi ya namna hiyo yana utaratibu. Akauliza pia kama katika maktaba ile ya chini ya godoro mzee alisoma hata kimoja.

— Mlinzi hasomi. Mlinzi analinda.

Waziri alikuwa bado. Watu wenye siri huwa hawaharakishi. Alimaliza kahawa yake, akakung'uta masimbi kwenye vumbi, akaangalia kulia na kushoto.

— Wasomaji hawajapotea. Wamevushwa.

— Wamevushwa kwenda wapi, Waziri?

— Kasesya, mpakani. Kuna jamaa upande wa Zambia anachora. Mnafikiri mahindi yanavushwa peke yake? Mahindi juu, wasomaji chini.

Antena akasema anawaona wavulana wale kila siku, anawabeba kwenye pikipiki, nani kawavusha? Waziri akamwonea huruma. Kinachovushwa, alifafanua, ni macho. Mwili unabaki Sumbawanga, unakula ugali wa Sumbawanga, lakini macho yameshagongewa muhuri.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akamalizia.

Hakukuwa na mgeni wala mwenyeji katika habari ile, lakini aliisema kwa sauti nzito, basi wote wakaitikia kwa vichwa. Wino akaangalia barabara. Evodia akaongeza mkaa. Aliwaza kwamba mdogo wake akifika Mwimbi atapata malengelenge siku ya kwanza, na siku ya nne yatakuwa yamepona.

Ndipo mwanamke mmoja akavuka barabara kutoka mashineni. Aliitwa Silvana, jirani wa nyumba za chini, kitenge chake cheupe kwa vumbi la unga, na mkononi alikuwa na kitabu cha Nyundo kilichokunjwa. Evodia alikitambua kitabu chenyewe. Mzigo uliorudi kutoka getini alikuwa akiupeleka mashineni yeye mwenyewe, wanawake wafunikie ndoo zao vumbi lisiingie, kwa sababu pale mtu hapangi foleni. Ndoo ndiyo inapanga, mwenyewe anakwenda kukaa ukutani kuota jua. Huko ukutani wanafanya nini wakati wote huo, Evodia hakuwahi kujiuliza.

Silvana alikunja magoti kidogo, akampigia mzee makofi mawili mepesi ya heshima, akampa shikamoo. Halafu akauliza kama ni kweli mwenye kuchora kitabu hiki yupo hapa. Waziri akamjulisha kwamba yupo, ila ana safari, kwa hiyo aulize kwa kifupi.

— Nauliza hivi, Silvana alisema. Huyu baba anayepigana, watoto wake kamwachia nani?

— Watoto gani? Wino aliuliza.

Silvana akafungua ukurasa wa kwanza. Nyundo anaondoka, ngumi juu. Nyuma yake, mlangoni, wamesimama watoto watatu. Wino aliwatazama kama anatambulishwa kwao leo. Aliwachora kwa sababu kona ile ilibaki tupu.

— Mama yao umeandika kafa. Kitabu cha pili baba anapigana. Cha tatu anapigana. Hiki yuko juu ya lori anapigana. Nyumbani hajarudi. Na huyu mdogo hana viatu, baridi yote hii. Wanakula wapi?

Antena akasema hao ni wa kupambia tu, mama. Silvana akamwangalia kama anavyoangaliwa mwanamume anayesema homa ya mtoto itashuka yenyewe. Waziri akasema serikali ina utaratibu kwa watoto kama hao. Alipoulizwa utaratibu gani, akainamia kikombe kisicho na kitu. Mzee Kiranja akasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Methali ilikaa mahali pake barabara, jambo lililomshtua mwenyewe.

— Sisi kule tumegawanyika, Silvana aliendelea. Mimi nasema wako kwa bibi. Mama Jenifer anasema hapana, huyu mkubwa ndiye anayepika, ndiyo maana mkono una kitambaa, kaungua. Tumekubaliana umeme ukirudi hasagi mtu mpaka tupate jibu.

Kile kitambaa kilikuwa doa la kalamu iliyovuja. Wino alifungua begi, akatoa penseli.

Fuso likafika, likapiga honi. Wote wakamgeukia Evodia, kwa kuwa safari ilikuwa yake. Evodia alifikiria unga. Alimfikiria mjomba na ngedere wake. Kisha akatazama ng'ambo: ukuta mzima wa mashine, wanawake kwa mstari, kila mmoja na Nyundo magotini, na nyuso zote zimeelekezwa kwa mdogo wake, zinasubiri.

Akaenda mpaka dirishani kwa dereva.

— Mwambie mjomba kijana kapata udhuru wa watoto.

— Kasimiri ana watoto?

— Watatu. Tumegundua leo.

Fuso lilipoondoka Wino alikuwa ameshavuka, penseli mkononi, akichuchumaa mbele ya Mama Jenifer, akimuuliza huyu mkubwa anapika nini na kuni anazitoa wapi. Wakamjibu wote kwa pamoja. Mmoja alitaka shangazi. Mwingine alitaka baba arudi, ila arudi na kilo ya sukari, si na ngumi.

Pale benchini wanaume watatu walibaki na vikombe vyao. Waziri akanyoosha chake.

— Mama Raymond, hebu ongeza.

— Kahawa imekwisha, alisema Evodia, akanyanyua birika lililojaa nusu, akavuka nalo barabara.