Vijiti Ishirini vya Rozimari

Mama zangu, dada zangu, nasimama sasa hivi kwa sababu nikiendelea kukaa nitaghairi. Mimi ndiye yule wa Kizwite mliyemkabidhi kitalu cha rozimari.

Mnakumbuka nilivyojitapa hapa kikundini. Kichaka changu alikileta mama mkwe kutoka Msanzi nilipoolewa. Cha kwake kiliungua na moto wa shamba, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa hicho changu tu. Majani yake ndiyo tunayochemsha kifua kikibana msimu wa baridi. Nikasema nitatoa miche ishirini, kila mwanachama na wake.

Nikakata ncha laini, nikachomeka kwenye samadi mbichi, nikamwagilia asubuhi na jioni. Ndugu zangu, nawaambia, rozimari ni mnafiki. Kijiti kinakaa kijani wiki tatu na huku chini kimeshaoza. Mkaja kutembelea, mkapiga makofi, mkasema nina mkono wa baraka. Nilikuwa nimeshachungulia kimoja, najua hakina mzizi. Nikanyamaza.

Basi nikanasa. Kijiti kikikauka nachomoa, nakata kingine, nachomeka palepale. Mtu akipiga hodi, nakimbilia kusimama mbele ya kitalu. Hata mume wangu nilimkataza kukigusa. Kanisani sikwenda, niliogopa kuulizwa miche inaendeleaje. Kila siku nilisema kesho nitawaambia, na kesho ikifika nakata tena. Kichaka kikabaki na matawi manne.

Mama mkwe akaja bila taarifa. "Shikamoo mama." Akaitikia huku anatazama kichaka. Akaenda kitaluni, akashika kijiti kwa vidole viwili, akavuta. Kikatoka. Akavuta cha pili, cha tatu, mpaka cha ishirini, na mimi nimesimama pale natamani ardhi inimeze.

"Umepanda fito, mwanangu," akasema.

"Nisamehe mama. Nimekimaliza kichaka."

"Bado kina matawi manne. Lete kisu, na jani la mshubiri hapo mlangoni."

Tukakata matawi matatu, tukayagawa vipande kumi na viwili, kila kimoja sehemu iliyoanza kukomaa, chini kidogo ya kifundo. Tukapukutisha majani ya chini, tukachovya kwenye ute wa mshubiri ili kidonda kisioze, tukachomeka kwenye mchanga wa mtoni, kivulini, tukafunika kwa chupa za maji zilizokatwa. Akaniambia nije niwaeleze. Sikuja. Niliwatumia ujumbe kwamba naumwa, na hilo nalo mnisamehe.

Wiki ya saba nikavuta kimoja polepole. Kikagoma. Nikakaa chini palepale nikalia, safari hii kwa furaha.

Asante mama mkwe wangu, wewe uliyekaa pale nyuma, hukunitangaza. Asanteni na ninyi kwa kunisubiri. Nilichojifunza ni hiki: ukisifiwa kwa kitu ambacho hakijashika, sema siku hiyohiyo, kabla hujamaliza kichaka.

Miche imeshika tisa, siyo ishirini. Iko hapo mlangoni. Anayechukua avute kidogo kwanza, mimi nikiwa natazama.