Pete Iliyoruka Kwenye Baridi

PROFESA: [kwenye simu, ananong'ona] Haloo? Nani mwenzangu?

SHANGAZI: Mwenzako nani? Bibi harusi! Na mbona unaninong'oneza?

PROFESA: Shikamoo shangazi. Mashine hii haitaki kelele, joto—

SHANGAZI: Marahaba. Joto ulijue wewe? Niko saluni, wamenifunika drayer, masikio yanaiva. Ndoa saa tisa. Pete yangu ya uchumba iko wapi?

PROFESA: Iko... ndani.

SHANGAZI: Ndani ya nini?

PROFESA: Ya mashine. Si nilikuomba? Tunapima metali zikiwa kwenye baridi kali kupita zote, kila moja inameza joto kiasi gani. Pete yako ni ya fedha, nikaitaka ya kulinganishia.

SHANGAZI: Itoe!

PROFESA: Haitoki mpaka kesho. Lazima ipashwe polepole, la sivyo—

SHANGAZI: [mkwaruzo] —nitakupasha wewe!

PROFESA: Kuna jingine, shangazi. Umekaa?

SHANGAZI: Na drayer kichwani nisimame?

PROFESA: Fedha haina vituko. Unaipoza, inapoa, basi. Hii yako ilipofika chini kabisa, ikaruka.

SHANGAZI: Ikaruka ikaenda wapi?

PROFESA: Kipimo ndicho kilichoruka! Ghafla ikawa inameza joto zaidi, na umeme unapita ndani yake bila kizuizi chochote. Fedha haifanyi hivyo hata uibembeleze. Risasi ndiyo hufanya, tena kwenye baridi hiyo hiyo.

SHANGAZI: Risasi gani?

PROFESA: Ile ya ndani ya betri za magari. Pete yako ni risasi, imepakwa fedha juu juu tu.

[drayer inavuma]

SHANGAZI: Ndiyo maana inapinda nikifua.

PROFESA: Pole, shangazi.

SHANGAZI: Aliniambia kaiagiza mbali! Mwanaume mzima! Naivunja hii ndoa. Nywele zikikauka tu, naivunja!

PROFESA: Lakini huyu bwana si ndiye fundi betri wa pale gereji?

SHANGAZI: Ndiye. Kwani vipi?

PROFESA: Basi tu. Kabla sijaiweka niliitazama kwa lenzi. Upande wa ndani imepigwa tupa kwa mkono, ikasuguliwa, ikasuguliwa tena. Mtu kahangaika.

SHANGAZI: Siku ya kunivisha, alikuja vidole vimefungwa bendeji. Akasema amemwagikiwa na chai.

PROFESA: Chai?

SHANGAZI: Vidole vyote, chai! Kumbe ni risasi ya moto. Na mimi nikamcheka, masikini.

[mkwaruzo mrefu]

PROFESA: Shangazi, upo? Hapa maabara kuna fedha halisi, naweza kukukunjia pete sasa hi—

SHANGAZI: Fedha ya nini? Si umesema haina vituko?

PROFESA: Sasa saa tisa utavaa nini?

SHANGAZI: Nitavaa kidole. Na akikuuliza, mwambie umeipima mwenyewe, fedha tupu.

PROFESA: Nidanganye? Mimi, na vipimo vyangu?

SHANGAZI: Mwenzio kadanganya akaungua. Wewe utaungua nini kwenye baridi hiyo? Haya, vocha inaisha. Uipashe polepole, umesikia? Nikikuta hata mchubuko mmoja kwenye pete yangu, nitaku—

[simu inakatika]