Dobi Aliyeomba Macho Wazi

Ndugu wafiwa, kamati ya mazishi ilinipa rasimu isemayo kwamba marehemu “alivumilia kimya kimya.” Kimya? Shangazi yetu? Nimeichana. Wasifu wenyewe ni huu.

Mama Mvuke alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano. Alisoma hadi darasa la saba. Kwaya ya shule alidumu wiki moja. Mwalimu alisema sauti yake inafaa kuitia watu nyumba ikiungua.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na fundi baiskeli, wakajaliwa mabinti wawili. Mumewe husema hakuwahi kumshinda kwa ubishi, na kwamba Mungu mwenyewe alikuwa akijitahidi kutoka sare.

Tangu Februari 1993 alikuwa dobi wa hoteli, katika chumba cha kufulia kisicho na dirisha: mashuka mia mbili kwa siku, dawa ya madoa inayochoma macho, na feni moja ya kutolea hewa. Tarehe 3 Oktoba 2022 feni ikafa. Aliripoti kwa mdomo, akaandika barua, akaandika nyingine. Msimamizi alikuwa na jibu moja tu: “Subira, mama. Si wewe mlokole? Ombea.”

Akaombea. Zamu ilifunguliwa kwa sala, msimamizi kafumba macho kama malaika wa kwenye kalenda. Shangazi hakufumba. Alimkodolea yeye.

“Baba, feni haizunguki, leo siku ya ishirini. Wewe unajua. Na huyu mtumishi wako aliyesimama mlangoni apate hewa, naye anajua. Mguse, Baba. Mguse kwa nguvu.”

“Amina!” wakaitikia madobi. Msimamizi naye angefanyaje? “Amina.”

Ikawa hivyo kila asubuhi, hadi mapafu yalipomlaza, Januari mwaka huu. Wodini nilimuuliza kwa ukali huyo Mungu wake amefanya nini.

“Mwanangu, hasira zangu nimemkabidhi zote, moja moja, na hajanirudishia hata moja. Ndiyo maana nalala. Wewe unazilalia zako kama kuku mayai. Zimekuangulia nini?”

Alihema kama mtu anayepanda ngazi, lakini uso wake ulitulia kuliko wangu mimi mzima.

“Siku ya kunizika,” akasema, “feni uitaje.”

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu wanne, na madobi tisa ambao Jumatatu wanarudi chumba kile kile. Msimamizi yupo, mstari wa pili, na shada la maua kubwa kuliko feni. Karibu, mzee.

Tuombe. Ninyi fumbeni, mimi nitaangalia.

Baba, feni haizunguki, leo siku ya mia tisa sabini na nane. Mpumzishe dobi wako kwa amani, na wenzake wapate hewa wangali hai. Amina.

Mzee, hatujakusikia.