Zachary Ebei Lopeyok, Aliyeimba Bila Dume

Zachary Ebei Lopeyok alizaliwa Ngaremara tarehe 14 Aprili 1991, kitinda mimba wa Mzee Lopeyok Nangiro na Mama Nakolong.

Alisoma Chechelesi, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 2009. Walimu walimsifu kwa Kiswahili na kumkemea kwa kuchungulia dirishani kila upepo wa vumbi ulipopita.

Mwaka wa 2011 alikwenda Nairobi, akawa fundi wa kuweka vioo kwenye maghorofa. Huko juu ndiko alikotungia mashairi, na saa ya chakula alimpigia mama yake amsomee. Mama alisikia upepo kwenye simu, akauliza:

"Umejifunga kamba?"

"Mama, sikiliza kwanza."

Akasema: *Nairobi, una taa elfu, na hakuna hata moja inayoniuliza kama nimekula.*

Tarehe 12 Agosti 2017 alimuoa Akai, kanisani, mjini Isiolo. Kwetu mwanamume husimama arusini, huinua mikono kama pembe na kuliimbia dume lake la ng'ombe. Ebei alisimama na shairi. Mjomba mmoja akamwuliza, "Hata mbuzi huna, unaimbia nini, lifti?" Watu walicheka, na baba yake akacheka. Tangu siku hiyo Ebei hakusema shairi mbele ya baba yake tena, ingawa baba ndiye mtu ambaye Ebei alitamani zaidi amsikie.

Mwishoni mwa 2022 sauti ilianza kukwaruza. Ilikuwa saratani ya koo. Alirudi nyumbani Chechelesi, akatibiwa, akapungua mwili. Kufikia Januari 2024 hakuweza kusema neno.

Mwezi wa pili, Mzee alitoka kwa mifugo akaketi kando ya kitanda. "Ebei, kuna lile shairi la mto ulilomsomea mama yako kwenye simu. Nisemee."

Ebei alishika koo lake. Mzee akainamisha kichwa. Ndipo mama, aliyekuwa ameyashika mashairi yote kichwani bila kumwambia mtu, akalisema yeye:

*Mto ulipokauka haukuaga,*
*uliacha mchanga ushike nafasi yake.*

Akaishia hapo. Ebei akagonga chuma cha kitanda. Mama alikuwa ameruka mstari kwa aibu. Akagonga tena, mpaka ukasemwa:

*Mchanga unangoja, kama mama mlangoni.*

Mzee akauliza, "Na mimi mbona simo?"

Ebei alicheka bila sauti, machozi yakimtoka. Mzee akaomba lirudiwe. Akalirudia mwenyewe, akikosea, Ebei akigonga kila kosa.

Ebei alifariki alfajiri ya Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, hospitalini Isiolo, akiwa ameshikwa mkono na baba yake.

Ameacha mjane wake Akai, watoto wake, Nangiro na Akiru, wazazi wake, na kaka yake Ekuam. Shairi la mto litasemwa kaburini na Mzee Lopeyok. Akikosea, tumwache.

Bwana amlaze Ebei pema, na amrudishie sauti yake.