Kovu Halilindwi na Jicho Moja

Akida, rudishia mlango, lakini kwanza chungulia uani utazame kama baba yako mdogo Mihayo bado ameketi pale kwenye kinu, kwa maana mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa hachagui mahali ambapo hamwoni mgonjwa ila anasikia kila neno. Ameondoka? Basi sogezeni mkeka, nisipaaze sauti. Na wewe Nyamizi usitoke. Uliingia nyumba hii kama mke mwenzangu, leo kaa kama shahidi wangu. Kwa jina la Mola asiyesinzia, mimi Mwahija, mjane wa Sabiti, muuza samaki wakavu wa hapa Shinyanga, nasema nikiwa na akili zangu, na atakayewaambia kesho kwamba nilisema mengine, mwulizeni alikuwa ameketi wapi.

Wanangu, tegeni masikio. Mwaka ule wa nzige, kabla Akida hajaenda kwenye machimbo ya dhahabu kule Geita, niliona uvimbe katika titi langu la kushoto, mgumu kama kokwa, usiouma, na kwa sababu hauumi nikaupuuza hadi ngozi ilipoanza kunywea. Nyamizi ndiye aliyenipakia kwenye gari moshi mpaka hospitali ya misheni. Daktari akasema ni saratani, wakanilaza kwa dawa ya usingizi, nikaamka upande mmoja ukiwa bapa kama ubao. Nililia, siwafichi. Ndipo muuguzi mmoja, Melania, binti wa Kizinza, akaniambia, "Mama, usirudi nyumbani ukadhani yamekwisha. Ugonjwa huu ni mwizi aliyefukuzwa. Hurudi kutazama kama mlango umefungwa." Akanifundisha kupapasa kwa vidole vilivyolala, kovu lenyewe, kwapa, shingo, na titi lililobaki, kila mwezi unapoandama. Akaniamuru nirudi kila mvua za kwanza na kila mavuno ya mtama, niwe mgonjwa nisiwe mgonjwa.

Nikashika amri hiyo kama sala. Mlikuwa mnanicheka, mkisema mama ana kikapu cha safari kisichosafiri, lakini mle mlikuwa na vitambaa vilivyochemshwa, kanga safi, unga, na nauli niliyoitenga nisiiguse hata chumvi ilipotuishia. Sikubeba gunia kwa mkono wa upande wa kovu. Na sikuingia kwa daktari peke yangu hata siku moja, kwa sababu mgonjwa akiwa na hofu husikia nusu. Nyamizi alikaa kando yangu, na tukitoka nje kila mmoja alisema alichosikia, yakitofautiana tunarudi kuuliza. Wazungu wale walituchoka. Wakichoka wachoke.

Hivyo nikaishi, nikamzika baba yenu, nikamwoza Tabu huyu, binti yangu. Kisha yakaja mavuno ya juzi. Kikapu kiko mlangoni, Mihayo akafika kutoka stesheni, hata maji hajanywa, akasema, "Shemeji, usijisumbue. Daktari amekwenda kwao Ulaya, hospitali haipokei watu hadi arudi." Nikamwamini. Ni ndugu wa marehemu, kala kwangu, kalala kwangu, nani angemshuku? Akaniletea mizizi iliyosagwa, ya kijivu, yenye harufu kama ya ngozi mbichi, akasema mfumu wake, yule mganga wa mizizi, ameponya wengi kwayo. Nikapaka, nikanywa. Mvua za kwanza zikaja, naye akaja na neno lile lile. Siku moja naoga, chini ya kwapa vidole vikakutana na kitu kama punje ya karanga.

Sikumwambia mtu ila Nyamizi. Alfajiri akapanda gari moshi peke yake, akarudi amevimba uso kwa kulia. Daktari hakuwa amekwenda popote! Melania alikuwa akitoka nje kila gari lilipofika, akinitazamia. Nikaenda mwenyewe, daktari akanipapasa, kisha akakaa kitako, nikajua. Kisu hakikuwa na pa kukata tena.

Nilimwita Mihayo, nikamwuliza mbele ya Nyamizi, "Nani alikuambia daktari kasafiri?" Akasema, "Mtu mmoja pale stesheni." Nikamwuliza, "Jina lake?" "Silikumbuki." "Na mara ya pili?" Akasema ana ng'ombe wa kunywesha, akaondoka, na wakati ule ng'ombe walikuwa zizini. Sikilizeni vizuri: sikuona moyo wake. Pengine naye alidanganywa, pengine aliona aibu ya kutouliza. Sitakwenda mbele ya Mungu nimemwita mtu mwuaji kwa kukisia. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na tangu nianguke kitandani nasikia anavyopima kiwanja hiki kwa macho, na nasikia anavyowanong'oneza majirani kwamba Nyamizi ana macho mekundu. Macho yake mekundu ni ya moshi wa samadi aliyonipikia uji miaka yote hii! Mnajua katika nchi hii mama mwenye macho mekundu hufanywa nini. Nikifa, watasema ameniroga. Akida, ukiwa mwanaume, utasimama mlangoni useme kwa sauti mama yangu aliuawa na saratani na kucheleweshwa, na chumba cha Nyamizi ni chake, hakina mwingine hadi yeye mwenyewe aingie kaburini. Nyumba ni yenu kwa sheria ya dini, sina la kuongeza. Deni langu ni hilo moja, na mlilipe ninyi.

Sasa wewe Tabu. Usiangalie chini. Tangu juzi unanyonyesha mtoto upande mmoja tu, akilia unamrudisha pale pale, na unafunga kanga juu hadi shingoni katika joto hili. Na jana uliponiinamia kunipa maji nilisikia harufu ya ngozi mbichi. Nani amekupa mizizi ile? Sema. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu, nami nimelala hapa ndio mfano... Ni Mihayo? Na amekuambia usimwambie mama asije akafa kwa majonzi? Ehee. Nilijua. Njoo hapa. Nyamizi, mpapase, kama nilivyokufundisha, vidole vilale. Taratibu. Donge lipo? Lina ukubwa gani? Linacheza au limeshika?

Linacheza. Alhamdulillahi. Linacheza, mmesikia? Langu lilikuwa limeshika. Huenda ni maziwa yaliyoganda tu, huenda sivyo. Asiyejua ni mimi na wewe, na Mihayo pia. Anayejua yuko mwisho wa reli. Acha kulia, utamwamsha mtoto.

Nipe maji kidogo... Basi. Kesho mnapanda gari moshi wote watatu, Nyamizi naye. Msimuage mtu. Mihayo akiuliza, semeni mnakwenda kununua samaki. Akija na habari kwamba dara... daraja limevunjika, kwamba daktari kafa, mwitikieni kwa adabu, shikamoo baba, kisha mwende mkajionee. Akida, usirudi Geita kabla hujasikia kwa masikio yako. Muulize Melania, mwambie wewe ni mtoto wa Mwahija. Wakimkata Tabu, mtarudi naye kila watakaposema, hata akinenepa, hata akicheka, hata akiwaambia amepona. Hasa akiwaambia amepona.

Na hili ndilo kubwa. Nikifa mkiwa njiani, habari ikawafikia... msirudi. Akida, usitikise kichwa. Waislamu wa mji huu wataniosha, watanisalia, kaburi halina haja ya macho yenu. Atakayewarudisha kwa ajili ya maiti, huyo... huyo msimwamini, hata akilia. Ahadi. Nataka niisikie. Wewe pia, Tabu.

Vema.

Niinueni kidogo, kifua kimebana. Mungu awafungulie njia. Awape macho... ya kuona, na ulimi wa kuuliza. Nyamizi, mayu, mama yangu, nisamehe uchovu niliokupa. Tabu, mlete mtoto nimguse. Mwekeni hapa. Hapa, upande usio na kitu, hapaumi.

Nendeni mkafunge mizigo. Gari haliwangoji.