Jina la Dereva wa Gari la Mikate

Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu ya Bukiriro, Baba Paroko, Ndugu Mtendaji wa Kata, wageni mliotoka Keza na ninyi mliopanda pikipiki tangu Nyamahanga kule Biharamulo, wazee wangu, shikamooni. Na wewe Ndugu Faustini Hakizimana, tunayekuaga leo na ambaye huwezi kunijibu, habari za mchana.

Mmenipa mimi, Mwalimu Tecla, kazi ya kumsemea mtu aliyetutafsiria filamu kwa Kiswahili miaka ishirini na miwili, mpaka daktari alipomwambia kwamba sauti yake haitarudi. Nadhani walionichagua walitaka kunikomoa kidogo, maana wote mnakumbuka ni nani aliyepeleka barua ofisi ya kijiji, yenye saini sitini, kuomba banda lake la video lifungwe. Ni mimi. Sijasahau, na yeye hajasahau.

Nilikuwa na sababu. Mume wangu, Danstan, alikuwa dereva wa lori la ndizi. Majambazi walimpiga risasi katika pori la Biharamulo, zama zile magari yalipopita kwa msafara na askari wenye bunduki, nasi abiria tumeshika rozari hadi tuone nyumba za watu. Redio ikasema: dereva mmoja ameuawa. Baada ya hapo ikaendelea na habari za mpira. Sasa niambieni, mjane wa dereva huyo mmoja angefurahije kusikia vijana wakishangilia filamu ambayo steringi mwenyewe ni jambazi?

Mnaijua ile filamu. Bosi wa koti refu na kofia nyeusi. Jumapili moja baada ya misa niliingia bandani, nikakaa benchi la nyuma na daftari langu, nikusanye ushahidi. Na hapa, Baba Paroko, naomba univumilie nikisema kweli: yule Bosi nilimpenda. Alipoingia hotelini peke yake katikati ya maadui kumi, akavua glavu taratibu, akaagiza kahawa na kuinywa yote kabla hajagusa bastola, nilisahau kuandika. Nilijichukia, lakini macho sikuyatoa. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Sisi tulikuwa watu wa kutetemeka barabarani. Mle bandani tulikaa saa mbili upande wa mtu asiyetetemeka, na ni nani kati yetu ambaye hakuzihitaji saa hizo mbili?

Kisha likaja gari la mikate. Bosi anawakimbia askari, gari la mikate limeziba njia, Bosi anamfyatulia dereva risasi na kupita. Sekunde tatu tu. Faustini akasimamisha picha. Watu wakanung'unika. Akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti yake ile nzito: "Huyu naye ana kwao. Anaitwa Celestini, mtu wa Keza. Mkewe Jovina amebandika maharage, anasikilizia mlio wa gari. Haya, tumrudie Bosi."

Nilimfuata nje nikamuuliza maneno hayo ameyatoa wapi.

"Kwenye filamu hayamo, Mwalimu," akasema. "Walioitengeneza walimsahau. Mimi nikashindwa kumpita hivi hivi."

Kesho yake nilikwenda kuiondoa barua yangu. Halafu nikamwomba kitu kimoja, kwamba yule dereva aitwe Danstan Nduwayo, mtu wa Bukiriro. Hakuniuliza kwa nini. Tangu siku hiyo, kila filamu ile ilipooneshwa, mume wangu alitajwa kwa jina lake, na vijana niliokuwa nikiwaita wahuni walivua kofia bila kuambiwa. Ndugu zangu, kaburini kwake nimelia sana, lakini mle bandani ndimo nilimopata nafuu.

Leo saa tisa tutaitazama kwa mara ya mwisho pamoja naye. Leonsia, binti yake, ndiye atakayeshika rimoti. Sauti ya mtafsiri haitakuwepo. Siku hii nimeiogopa kuliko nilivyoliogopa lile pori, kwa sababu dereva akianguka pale na watu wakakaa kimya, atarudi kuwa dereva mmoja.

Kwa hiyo, Leonsia mwanangu, likifika gari la mikate, simamisha. Mimi nitasimama. Najijua, sauti itanikwama. Ikikwama, nawaomba mnimalizie. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu na siwaamini watu ambao hawajafanya zoezi, tujaribu sasa hivi, Faustini akiwa anasikia. Huyu naye ana kwao. Ni mtu wa Bukiriro. Anaitwa nani?

Nimewasikia. Keti, Faustini, usilie, wamelishika.

Asanteni kwa kunisikiliza, na asanteni kwa kumtaja.