Mungu Alinitoa kwenye "Ndiyo" ya Woga

Bwana apewe sifa, kanisa! Wapendwa wa hapa Louisville, na wageni wetu mliotoka Columbus na Buffalo, nawasalimu katika jina la Yesu. Mimi ni Consolata, Mama Grace. Wengi mnanijua, ni yule mama wa South End anayeimba kushinda kipaza sauti. Leo siimbi. Leo nimesimama kusema jinsi Mungu alivyonitoa kwenye kifungo ambacho hata sikujua kuwa ni kifungo. Haleluya!

Ndugu zangu, mama yangu yuko Finland. Tulikuwa kambi moja kule Kigoma, lakini mimi nilikuwa nimeshaolewa, kwa hiyo faili langu lilikwenda pamoja na la marehemu mume wangu. Sisi tukaletwa Amerika. Mama na mdogo wangu Esperansi wakapelekwa Finland. Tulikumbatiana pale kambini tukaambiana, tutaonana tu. Nani alijua dunia ni kubwa hivi?

Mnajua kazi yangu. Nahudumia wazee kule Jeffersontown. Nawaogesha, nawalisha, nawabadilisha nguo, nawaimbia. Na mama yangu mwenyewe anaogeshwa na watoto wa watu! Alipoanza kusahau, Esperansi alimhudumia mpaka nguvu zikamwishia, ndipo akampeleka kwenye nyumba ya wazee. Niliwahi kwenda kumtembelea. Jamani! Nilimkuta amekaa karibu na dirisha. Mfanyakazi anamuuliza kwa Kifini, Esperansi ananitafsiria, kama ameshiba, na mama anaitika "joo", yaani ndiyo. Anaulizwa kama ana maumivu, "joo". Anaulizwa kama anataka kulala, "joo". Hakuna hata kimoja alichoelewa. Mama yangu huyo, aliyekuwa akibishana na wauza dagaa mpaka wanampunguzia kwa kuchoka! Nilirudi Kentucky mwili tu, moyo niliuacha kule. Kila bibi niliyemwogesha baada ya hapo nilimwona yeye.

Esperansi akaniambia, "Dada, kazi huku ziko. Wanatafuta watu wa kuhudumia wazee. Lakini bila Kifini hawatakukabidhi mzee."

Nikasema, basi nitajifunza. Kaka yangu Yona, yule pale mbele, ametoka Columbus jana, alinicheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Dada, Kiingereza chenyewe unakisukuma kama gari bovu, Kifini utakiweza?" Cheka tu, Yona, leo uko kanisani, huna pa kukimbilia!

Mungu akaniletea ndugu Mathayo wa Buffalo. Ni Mkongomani aliyeishi Finland miaka mingi kabla ya kuhamia huku. Akanifundisha kwa simu, bure kabisa. "Bon, Mama Grace, rudilia. Njo vile!" Yaani rudia, ndivyo hivyo! Nilijifunza ndani ya gari nikienda kazini. Nilijifunza wakati wa break, mkate mkononi. Jikoni nilikuwa nataja kila kitu kwa Kifini, na binti yangu Grace ananiambia, "Mom, you're talking to the rice again." Eti naongea na wali! Nikamwambia, mwanangu, wali una subira kuliko wewe. Lakini kicheko kikiisha nilikuwa najifungia chooni nalia, kwa sababu mama yangu alikuwa anasahau haraka kuliko mimi nilivyokuwa najifunza.

Siku ya intavyuu ikafika. Ilikuwa kwa video, na mkuu wa nyumba moja ya wazee katika mji uleule wa mama, naye ni mama mtu mzima, mtaratibu sana. Nikavaa kitenge changu kizuri. Alianza kuongea na mimi nikaanza kuitikia. Joo. Joo. Mahali fulani akauliza kama nina swali. Nikasema joo. Basi akanyamaza, anasubiri swali langu. Na mimi nikanyamaza, nasubiri aendelee. Tukatazamana hivyo, kila mtu na adabu yake! Kisha akauliza, mzee akikataa dawa, utamlazimisha? Nikasema joo. Ndugu zangu! Mimi ninayejua kazi hii, ninayejua kwamba mzee halazimishwi! Nilikuwa sikuelewa swali. Jibu lao likaja siku hiyohiyo: hapana. Waliandika na sababu, Mathayo akanitafsiria, ndipo nikajua nilikuwa nimeulizwa nini.

Nilianguka. Niliacha hata kupokea simu za Buffalo. Nilimwambia Mungu, kama hutaki nimwone mama, basi ondoa hii hamu, maana inanila. Hakuiondoa.

Sasa sikilizeni alivyofanya. Kazini kwetu aliletwa dada mpya, naye ametoka kambini. Nesi akamweleza kwa Kiingereza cha haraka kwamba yule bibi wa chumba cha mwisho asipewe maji ya kawaida, atapaliwa, apewe yale yaliyotiwa unga wa kuyafanya mazito. Dada akaitikia, "Yes, yes." Baada ya muda kidogo namwona anaingia kwa bibi na glasi ya maji ya bomba. Nikamdaka mkono.

"Mdogo wangu, umeelewa ulichoambiwa?"

"Hapana, dada."

"Sasa mbona umesema yes?"

Akaangalia chini. "Niliogopa watanifukuza."

Nilijisikia mimi mwenyewe nikiongea! Kambini, tulipokuwa tunaitwa kuhojiwa, mama alikuwa akitunong'oneza: wakikuuliza, usiseme hujaelewa, sema ndiyo, wasije wakalifunga faili. Alikuwa anatupenda. Ile "ndiyo" ndiyo tuliyopandia ndege. Lakini tulishuka nayo, ndugu zangu, na hakuna aliyetuambia tuiache. Ilikuwa karibu imuue bibi wa watu. Ilininyima kazi. Na kule kwenye dirisha lake, mama yangu anashinda na njaa yake huku akisema joo.

Nilipiga magoti palepale kwenye chumba cha mashuka. Nikasema, Yesu, umewafungua mabubu, nifungue na mimi niseme sielewi. Ninyi chekeni, lakini niliogopa kusema neno hilo hata mbele za Mungu! Nikampigia Mathayo, nikamwambia ongea haraka, unichanganye kabisa, mimi kazi yangu ni kukusimamisha. Mwanzoni nilikuwa namsimamisha kwa kuomba radhi mno. "Bon, acha kuomba radhi," ananiambia, "uliza tu."

Nikaandika tena kwa yule mama wa Finland, nikamsihi anisikilize mara moja zaidi. Akakubali. Swali la kwanza likanipita juu ya kichwa. Nikapumua, nikasema, "En ymmärrä." Sielewi, tafadhali rudia. Akanyamaza. Mioyo yetu watu wa kambi inajua ukimya ule, nikasema moyoni, kwaheri mama. Kumbe alikuwa anatafuta maneno mepesi! Akarudia polepole, nikajibu. Lililofuata nikamsimamisha tena. Aliponiuliza habari ya dawa, safari hii nilielewa, nikamwambia halazimishwi, namwacha kwanza, namwimbia, halafu narudi. Akatabasamu. Akaniambia, "Mara ya kwanza nilikuogopa. Leo naweza kukuachia wazee wetu." Kazi nikapata! Nani kama Mungu?

Ndugu yangu unayenisikiliza, labda na wewe unasema yes kwa daktari, yes kwa mwalimu wa mtoto, yes kwa bosi, na usiku hulali. Mwamini Bwana. Hakukuvusha bahari ili uishi kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Namshukuru Yeye, namshukuru Mathayo, namshukuru Grace anayebaki kumaliza chuo na ananisukuma niondoke huku machozi yanamtoka.

Vibali vinashughulikiwa. Juzi nilimpigia mama kwa video, Esperansi amemshikia simu. Nikamwambia, mama, naja, nitakuogesha mwenyewe. Akanitazama sana, akauliza mimi ni nani. Kabla sijajibu akasema, "Ukimwona Consolata, mwambie afanye haraka. Nimemsubiri mno." Nikamwambia, nitamwambia, mama.

Kwa hiyo, kanisa, sitawaomba mengi. Niombeeni nimkute bado anamsubiri Consolata, hata kama hatajua kwamba ndiye aliyeingia mlangoni. Jina la Bwana liinuliwe. Amina.